Ndege Wasio na Sauti

Januari huku kwetu jua halina adabu. Saa nne asubuhi limeshakukaa utosini, na mtu mwenye akili zake anatafuta kivuli na kikombe cha chai ya tangawizi. Mimi huo ndio mwezi wangu wa kupanda basi la asubuhi kutoka Same mjini, kuizunguka milima kwa njia ya Kisiwani, kupita Gonja, hadi kule tambarare kwenye mashamba ya mpunga na Bwawa la Kalimawe.

Sababu ni ndege. Wakati sisi tunachomwa na jua, huko Ulaya ni baridi ya theluji, na ndege wa huko hawana ujinga wa kukaa wagande. Wanafunga safari na kuja kwetu: mbayuwayu, keremkerem, vitwitwi wa kila namna wanaokimbia ukingoni kama wamesahau kitu nyumbani. Wanakaa nasi mpaka masika yanapokaribia, kisha wanarudi kwao bila kuaga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina darubini ya mtumba niliyoinunua mnadani na daftari la kuandikia niliyemwona, wapi, na saa ngapi. Watu wameuliza wakachoka. Mmoja aliniuliza kama napima viwanja. Mwingine alimwambia mama yangu kwamba binti yake ana elimu nyingi mpaka imemwagika.

Mama alicheka sana kusikia hivyo. Kwake ndege hawakuwa kitu cha kutazamwa. Walikuwa kazi.

Nimekulia kwenye kazi hiyo. Mpunga ukianza kuweka maziwa, kwelea hushuka kwa maelfu, na shamba lisilo na mtu wa kuamia linabaki makapi kwa siku mbili. Kuamia ni kuulinda mpunga na ndege tangu alfajiri mpaka magharibi. Tulijengewa dungu la miti katikati ya shamba, tukapanda juu na makopo, kamba, na madonge ya udongo. Mama alikuwa na kombeo. Alikuwa akiweka donge, anazungusha mara moja tu, na udongo unakwenda kupasuka pale pale kundi linapotaka kutua. Sijawahi kuona mwanaume aliyemzidi. Nami niliwachukia ndege hao kwa moyo wangu wote, maana wenzangu walikuwa shuleni nami nilikuwa juu ya dungu napiga debe.

Kazi ile huanza kabla hakujapambazuka vizuri, kwa hiyo ndege unamsikia kabla hujamwona. Mama alitufundisha sauti zao hivyo, gizani nusu, huku tunatafuna kiporo cha makande. Huyu ni dudumizi, mwache, anaita mvua. Huyu ni kwarara, anapiga kelele bure, mpunga hali. Hao sasa, hao wanaonong'ona kwa wingi, ndio wenyewe, simameni. Nikiwa mtu mzima nilipoanza kuandika ndege kwenye daftari, niligundua kwamba nusu ya ninayoyajua niliyajua tangu nina miaka saba, na sikuwahi kumshukuru.

Baada ya baba kufariki tulitaka kumhamishia mama mjini. Alikataa katakata. Alibaki kwenye nyumba yake ya tambarare, akalima majaruba yake mwenyewe, akaimba kwaya Jumapili, akaamia mwenyewe. Nilikuwa nampigia simu kila jioni. Sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu, na mimi nikaridhika na sauti.

Januari ile ninayoisimulia, nilikuta jirani yake ananisubiri njiani. Ni mzee wa makamo ambaye shamba lake limepakana na la mama kwa tuta moja tu, na ndiye mwenyekiti wa wakulima wa mfereji wao wa maji. Nilimwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja wakati mzuri. Mama yako haoni."

Aliyasema hivyo hivyo, bila kunizungusha. Akaniambia kwamba siku chache nyuma mama alikuwa ameutupia udongo mfuko mweupe wa mbolea uliopeperushwa na upepo, akidhani ni ndege. Akaniambia kwamba siku za upepo, zile ambazo husikii kitu, kwelea wanaingia kona ya chini ya shamba lake na yeye amesimama kona ya juu anawafokea yangeyange, ambao kazi yao ni kula wadudu na hawana kosa na mtu. Kwelea wakishiba kwa mama wanahamia kwa jirani. Na taratibu ya mfereji wao inajulikana: shamba lisiloamiwa, mwenyewe akionywa asirekebishe, anapewa mtu mwingine alilime.

Nilijua mashamba ya karibu na lango la maji yanavyotamaniwa, na la mama ni la tatu kutoka langoni. Nikajisemea, huyu mzee ana lake jambo.

Mama nilimkuta anapepeta mchele uani. Nilipomuuliza kuhusu macho yake alinijibu, "Macho yangu yamekukosea nini?" Nikamweleza maneno ya jirani. Alipepeta kidogo, akatoa chuya moja kwa vidole, akasema, "Anataka shamba." Basi, nami nilikuwa nimeshasema hivyo moyoni, tukakubaliana.

Lakini nilitaka ushahidi. Siku ya pili nilimwomba anisindikize bwawani. Alishangaa, maana hakuwahi kwenda kule kwa ajili ya kutazama, ila alijifunga kitenge chake kizuri na kubeba machungwa kama anayekwenda ugenini. Bodaboda ilituacha kwenye tuta la bwawa. Alinishika mkono tuliposhuka kwenye mawe, nami nikaona ni uzee tu. Tukaketi.

Kabla sijaitoa darubini kwenye mfuko, mama alisema, "Furukombe yule, kwenye miti mikavu ya ng'ambo." Nikatazama. Alikuwepo, kichwa cheupe, anarudisha shingo nyuma kwa kelele yake ile. "Bata bukini wawili, wanagombana." Walikuwepo. "Vitwitwi wako ndio hao ukingoni, na mdiria kapita sasa hivi kuelekea kwenye matete." Niligeuka na kumwahi mdiria mkia tu. Nilikuwa naandika kwa haraka kama mwanafunzi anayeandikishwa imla. Kila ndege aliyemtaja nilimpata mahali alipomtaja, na karibu wote yeye alikuwa ameniwahi.

Nilifurahi mpaka nikafanya upumbavu. Nilichukua simu pale pale, nikampigia jirani.

"Shikamoo baba. Niko na mama hapa bwawani. Anawaona ndege kabla yangu, mimi mwenye darubini. Naomba maneno ya macho yaishe leo. Na kama ni shamba unalitaka, sema unalitaka."

Akasema, "Haya, mwalimu. Nimekusikia," akakata.

"Umempasha," mama alisema, akacheka. Akaanza kumenya chungwa na kunisimulia ugomvi wa kwaya, jinsi wenye sauti ya pili walivyosusa mazoezi kwa sababu ya sare.

Ndipo korongo walipokuja.

Hao ni korongo weupe wa Ulaya, wenye ncha nyeusi za mbawa na miguu myekundu. Jua likishapasha ardhi moto, hupanda na hewa ile bila kupiga mbawa, wanazunguka na kuzunguka, mmoja juu ya mwingine, mpaka mbingu yote inakuwa yao. Nilihesabu hadi mia mbili nikaacha. Walikuwa wanakuja upande wetu, chini kabisa, naona hata midomo. Nilikuwa nimewasubiri miaka mitatu. Nikashusha darubini ili nifurahi na mama.

Mama alikuwa bado kwenye kisa cha sare za kwaya. Vivuli vya korongo vilikuwa vinapita juu ya mawe, juu ya kitenge chake, juu ya mikono yake inayomenya. Kimoja kilimpita usoni. Hakuinua kichwa. Mia mbili na zaidi juu yetu, na yeye ananiambia kitambaa kilikuwa cha buluu na wao walitaka zambarau.

Korongo weupe hawana sauti. Ndege wengine wana koo la kuitia, hawa hawana. Wakiwa kwao kwenye viota hugonganisha midomo, lakini huku ugenini hawasemi lolote. Nililijua hilo kwa miaka mingi, nimewafundisha hata watoto wa darasa la sita, na kabla ya asubuhi ile sikuwahi kujua lina maana gani.

"Mama."

"Naam."

"Juu yetu kuna nini?"

Mikono ilisimama. Aliinamisha kichwa upande kidogo, sikio likaelekea juu. Mkao ule niliuona tangu nilipofika, nikauchukulia kuwa ni maringo yake ya siku zote. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Kuna mawingu," alisema.

Hapakuwa na wingu hata moja, na nadhani alijua kutokana na ukimya wangu. Aliliweka chungwa mapajani. Akasema taratibu kwamba jicho la kushoto lilianza kwanza, kama mtu kaweka maziwa ndani yake, kisha la kulia likafuata. Anaona mwanga. Anaona mtu ni kitu cheusi kinachosogea. Misimu miwili sasa amekuwa akiamia kwa masikio.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka Same." Alilitaja jina la mji kama linavyotajwa jina la ugonjwa. "Utaniweka kwenye kochi. Mama yangu mzazi alipofuka tulimweka jikoni, kwenye joto, tukimshikisha sahani mkononi. Hatukumtesa. Hakuna aliyemtolea neno baya. Lakini hakuna aliyemuuliza kitu tena. Hata mimi sikumuuliza. Alikaa hivyo mpaka akafa." Akapapasa mawe mpaka akaupata mkono wangu. "Niache nivune msimu huu kwenye shamba langu. Baada ya hapo mnifanye mnavyotaka."

Nilimwambia kwamba maziwa kwenye jicho ni mtoto wa jicho, kwamba yanatolewa, kwamba watu wanaona tena. Alisema amesikia, na amesikia pia kwamba wanakuchoma kisu kwenye jicho ukiwa macho, na hatoki shambani kwake kwa ajili hiyo. Nililia. Sikulia kwa sababu ya kisu. Nilikuwa nimekuja kule Januari baada ya Januari, nikamkazia macho kila kitwitwi wa ukingoni, nikaandika rangi ya miguu yake, na mama yangu sikumtazama. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani peke yangu. Alikuwa kwenye lango la maji, anaziba ufa kwa udongo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwomba radhi huku nimesimama ndani ya tope kwa viatu vyangu vya mjini.

"Nilijua utakuja," alisema. "Sikudhani ni leo."

Kisha, bila kuacha kazi yake, alinieleza. Yeye alijua tangu msimu uliopita. Kila alfajiri alikuwa anaanza kwa kuamia kona ya chini ya shamba la mama, kabla ya lake, na akimaliza anarudi kwa kunyata mama asisikie. Sasa mgongo umegoma. Hawezi tena kuamia mawili. "Mama yako alinifundisha kombeo nikiwa kijana," alisema. "Nitamwambiaje kwamba namlindia? Ndiyo maana nikakwambia wewe."

Nilimsaidia kubeba udongo.

Nilimuuliza kama wenzao wa mfereji wanaweza kusaidia. Akasema wanaweza, kwa msaragambo. Kila Mpare anaujua: baragumu linapigwa, kila nyumba inatoa mtu, mnazibua mfereji, mnachimba ndiva ya kuhifadhia maji, mnamwezekea mjane. Lakini msaragambo huitwa hadharani, kwa jambo linalojulikana na kila mtu. Hauitwi kwa ajili ya mtu anayesema hana shida. "Aje aseme mwenyewe," alisema. "Wewe usimsemee."

Nilimpelekea mama maneno hayo, na siku tatu hakutaka kuyasikia. Alinipikia, hakunisemesha. Asubuhi ya nne nilimkuta mlangoni amevaa tayari, anasema kwa ukali kwamba kama tunakwenda tuende, jua linapanda.

Baragumu lilipopigwa walikusanyika watu kama thelathini pale langoni, wamesimama kwenye matuta. Mama aliniachia mkono. Alisimama peke yake, uso umeelekea kidogo kando ya watu, kwa sababu hakujua hasa walipo. Nilitaka kumgeuza, nikajizuia.

"Mimi sioni," alisema. "Hapa nawasikia tu mnavyokohoa. Misimu miwili nimewadanganya. Ndege niliowaacha wameshiba kwangu, wakaja kwenu. Mnisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyebeba mtoto alisema, "Pole, mama," na wengine wakafuata, pole zikatoka pande zote. Jirani akasema kila nyumba itaamia shamba la mama siku moja, kwa zamu, mpaka mavuno. Mama akashukuru, akasema basi baada ya mavuno atafikiria habari za hospitali.

"Hapana," jirani akasema. "Sisi tunaamia, wewe unakwenda kutibiwa. Ukibaki nyumbani, na sisi tunabaki nyumbani."

Mama aligeukia sauti ile. "Nani atashika kona ya chini?" aliuliza hatimaye. "Ile inataka mtu mwepesi." Vijana watatu wakajitaja kwa pamoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba atakwenda.

Siku ya upasuaji alinishika mkono mpaka kwenye mlango ambao siruhusiwi kuupita. Hakulia, ila aliimba kwa sauti ndogo wimbo wa kwaya, sauti ya pili peke yake, bila sauti nyingine zozote za kuushikilia. Nilikaa kwenye benchi nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuyapanga. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji, la pili wakasema lingefuata baadaye.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alikuja kutoa bandeji. Mama alikuwa ameketi kitandani, wima, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Bandeji ikatoka. Jicho likafumba kwa mwanga, likatoa machozi, likafumbuka tena. Alitazama dirisha. Alimtazama muuguzi, akamwambia asante, wewe ni kijana kumbe. Kisha akaishusha shingo, akaitazama mikono yake, akaigeuza upande huu na upande ule.

"Hii ni mikono ya bibi yako," alisema.

Halafu akanitazama mimi. Nilijitahidi kutabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha, nimejiandaa hata kwa machozi yake, na nilidhani ataniuliza habari za mpunga. Alinitazama kwa muda mrefu, kipande kwa kipande, paji, mashavu, shingo. Akanyoosha kidole, akakigusisha kwenye nywele zangu, juu ya sikio.

"Hizi mvi zimeanza lini?"

"Zina muda kidogo, mama."

"Umeanza kuzeeka, mwanangu," alisema. "Umeanza kuzeeka na mimi sikuona. Ungenisubiri."

Niliinama, nikamsogezea kichwa aziangalie vizuri.